Kujiajiri nako ni kazi, na kazi ina ujira

Kila msimu wa mahafali unapowadia katika vyuo vikuu vyetu, husikika jukwaani wito ule ule: vijana wasitafute kazi, wabuni kazi. Wito huo huelekezwa hasa kwa waliosomea sayansi ya tarakilishi, kwa dhana kwamba mwenye ujuzi huo hahitaji zaidi ya meza, umeme na mtandao ili ajitegemee. Anayeutoa, mara nyingi, ni mtu ambaye mshahara wake haukosi kufika benki kila mwisho wa mwezi. Anayeupokea ni kijana mwenye deni la masomo, na wazazi waliouza ng'ombe ili alipiwe karo. Yafaa sisi walimu, tunaosimama kati ya wawili hao, tujiulize iwapo huo ni ushauri au ni namna ya kumtoa mgeni mlangoni kwa maneno matamu.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba sipingi kujiajiri. Kijana aliyehitimu akaitwa na benki au kampuni ya simu, kisha akakataa ili aanzishe shughuli yake mwenyewe, huenda amechagua vyema kuliko wenzake wote. Ninalolidai ni hili: kujiajiri ni kazi kamili, nayo haina budi kupimwa kwa vipimo tunavyopimia kazi nyingine yoyote, yaani ujira, muda, mkataba na daftari. Anayeianza bila vipimo hivyo amekisia tu, hata akiita kisio lake uamuzi. Na anayemsukuma mwenziwe aianze bila vipimo hivyo amemtelekeza, hata akiuita msukumo wake ushauri.

Mimi ni mwanaisimu, na ada ya wenzangu ni kuyachungua maneno kabla ya kuyaamini. Tuyatazame haya mawili: kuajiriwa na kujiajiri. Yote yametokana na mzizi wa Kiarabu uliotupa pia neno ujira, yaani malipo ya kazi. Kuajiriwa kumo katika kauli ya kutendwa: yuko mtu mwingine anayetenda, nawe unatendwa. Kujiajiri kuna kiambishi "ji", kinachoonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Wengi huishia hapo na kushangilia kwamba bwana ameondoka. Lakini sarufi haimfuti mtendwa. Inamweka ndani ya mtenda. Anayejiajiri ni mwajiri mwenye wajibu wa kulipa, na papo hapo ni mwajiriwa mwenye haki ya kulipwa. Akimsahau mmoja kati ya hao wawili, hastahili kukitumia kitenzi hicho.

Neno la tatu ni kazi. Msikilize kijana anayetengeneza tarakilishi kutwa nzima katika kijiduka cha Barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Mwulize afanya nini, naye huenda akakujibu: "Sina kazi, najishughulisha tu kwa sasa." Katika masikio yetu kazi ni ofisi, tai na mshahara, yaliyosalia ni kujishughulisha. Ilhali takwimu za taifa zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi nchini, ukiacha wakulima wadogowadogo, wamo katika sekta isiyo rasmi. Tumewanyima Wakenya walio wengi jina la kile wanachokifanya tangu macheo hadi machweo.

Wala wito wa majukwaani si mpya. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mashuhuri kuhusu Kenya, iliyoonyesha kwamba mafundi na wachuuzi wadogo wana mchango mkubwa katika uchumi wetu. Mwaka 1985 ulianzishwa mfumo wa 8-4-4, ulioahidi kumwandaa mwanafunzi ajitegemee kwa mikono yake. Mimi ni zao la mfumo huo, na wasomaji wa rika langu watayakumbuka masomo ya useremala, ushonaji na upishi. Mwaka 1992 serikali ikatoa waraka rasmi kuhusu biashara ndogondogo na jua kali. Mwaka 2006 ikaja hazina ya kuwakopesha vijana wenye biashara, na mwaka 2022 ikazinduliwa Hazina ya Hasla. Kizazi baada ya kizazi kimehimizwa kijiajiri. Hatukupungukiwa na wito. Tulipungukiwa na watu wa kuieleza kazi yenyewe jinsi ilivyo.

Hata hivyo, mhitimu wa tarakilishi ana nafasi ambayo seremala wa 8-4-4 hakuwa nayo. Seremala akitaka kuuza meza kumi sharti atengeneze meza kumi. Mwandishi wa programu huiandika mara moja, akaiuzia wateja elfu, na nakala ya elfu humgharimu karibu na bure. Aidha, milango miwili mikubwa imefunguka katika umri wa wanafunzi wetu. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa, na tangu hapo mtu aweza kutoza shilingi mia moja kutoka kwa mteja asiyemjua, aliye mbali, asiye na akaunti ya benki. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilifika Mombasa, nasi tukaacha kutegemea setilaiti ambazo bei yake ilikuwa ya matajiri.

Mifano ya waliopita katika milango ya namna hiyo tunayo. Mapema mwaka 2008, nchi ilipokuwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, Wakenya wachache na wenzao waliandika kwa siku chache tu programu ya Ushahidi, iliyokusanya habari za vurugu kutoka kwa raia na kuzionyesha kwenye ramani. Miaka miwili baadaye programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la 2010. Kampuni ya Cellulant, iliyoasisiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Mkenya Ken Njoroge pamoja na Mnigeria Bolaji Akinboro, ilianza kwa kuuza muziki na milio ya simu, ikajifunza njia za kupokea malipo madogomadogo, hatimaye ikawa kampuni ya malipo katika nchi nyingi za Afrika. Haikuanza na ndoto kubwa ya kubadili bara. Ilianza na kitu ambacho watu walikuwa tayari kukilipia.

Hapo ndipo pana kiini cha mjadala, nami nitakieleza kwa mfano wa kijijini. Mwanafunzi mmoja wa tarakilishi aliyehudhuria kozi yangu ya mawasiliano aliitwa na benki moja jijini mara tu alipohitimu. Alikataa, akarudi kwao karibu na Kitale, akaanza kuandika programu ya maduka yanayouza mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Alikuwa ameona kwamba programu za kigeni zilizonunuliwa na maduka hayo zilikaa bure. Hazikuwa mbovu. Kasoro yake ilikuwa kwamba zilidhani kila mteja hulipa papo hapo. Katika soko lile mkulima huchukua mbolea mwezi Machi na kuilipia baada ya kuvuna mahindi mwishoni mwa mwaka. Moyo wa duka ni daftari la madeni, na daftari hilo lina lugha yake: liko deni la msimu, liko salio, liko "utamalizia". Kijana aliketi kaunta wiki tatu akisikiliza tu, kisha akaandika programu inayosema kama wenye duka wasemavyo. Wakainunua.

Mwaka wa kwanza aliwauzia wenye maduka tisa, akajihesabia faida. Nilipomwuliza alijilipa kiasi gani, alicheka. Alikuwa akila kwa mamake, akilala kwa mamake, na umeme wa tarakilishi yake ulilipwa kwa fedha za maziwa ya mamake. Ile aliyoiita faida ilikuwa mshahara wake mwenyewe ambao haukulipwa, pamoja na jasho la mama ambalo halikuandikwa popote. Na mama huyo huyo, majirani walipomwuliza habari za mwanawe, aliwajibu: "Bado anatafuta kazi." Alilisema hilo huku wateja wakimsubiri kijana kwenye kizingiti.

Mwaka wa pili kijana alifanya jambo dogo. Alijiandikia barua ya ajira yenye mshahara wa shilingi 25,000 kwa mwezi, akauingiza katika daftari kuwa gharama ya kwanza kabla ya nyingine zote. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lilimpa habari mara moja: biashara ilikuwa ikipata hasara kila mwezi. Aliuza programu mara moja kwa bei ya kutupa, kisha akaitengeneza bure kila ilipokwama. Akabadili mpango. Bei ya kuanzia aliishusha, lakini kila duka likatakiwa kulipa ada ya huduma kila mwezi. Maduka mawili yalijitoa, saba yakabaki, na baadaye mengine yakaja. Leo amewaajiri vijana wawili, anamlipia mdogo wake karo, na mamake ana jibu jingine kwa majirani.

Nimeueleza mfano huu kwa kirefu kwa sababu hauna muujiza. Kijana hakupata mwekezaji wa kigeni wala tuzo. Alimjua mteja wake, alijua lugha ya mteja wake, na hatimaye alijua kwamba yeye mwenyewe ni mfanyakazi wa kulipwa. La pili kati ya hayo lanigusa kama mwalimu wa lugha. Angalia majina: M-Pesa, Ushahidi, Twiga, Eneza. Wabunifu wetu huchagua majina ya Kiswahili, maana wajua ni lugha ipi iliyo karibu na moyo wa mnunuzi. Lakini fungua programu nyingi zinazotengenezwa hapa nchini, utakuta kwamba Kiswahili kimeishia mlangoni. M-Pesa haikufanya kosa hilo. Orodha yake mtu aweza kuisoma kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa tarakilishi anayelidharau somo la Kiswahili anautupa mtaji ambao mshindani wake wa ng'ambo hawezi kuununua.

Baada ya kusema hayo, ni haki kuutetea upande wa pili, maana imekuwa mtindo siku hizi kuwabeza walioajiriwa. Kuajiriwa si utumwa. Kampuni ya Microsoft ilifungua kituo cha wabunifu wa programu jijini Nairobi mwaka 2019, na Google ikatangaza chake mwaka 2022. Benki na kampuni za simu nazo huwaajiri vijana wetu. Katika ofisi hizo kijana hujifunza mambo yasiyotahiniwa chuoni: kuisoma programu iliyoandikwa na watu kumi ambao wote wameondoka, kuamshwa usiku wa manane kwa kuwa mitambo imezima na maelfu ya wateja wanangoja, na kuiheshimu tarehe aliyoahidi. Miaka miwili au mitatu ya ajira ya namna hiyo ni unagenzi wenye mshahara. Anayepitia huko hajapotea njia ya biashara. Huenda ndipo atakapomkuta mteja wake wa kwanza.

Isitoshe, uamuzi huu si wa mtu mmoja. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu humtaka mhitimu aanze kulipa mkopo mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekosa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Nyuma ya deni hilo liko jingine lisiloandikwa: wadogo zake walio shuleni, baba anayehitaji dawa, nyumba iliyosimama msingini. Kifungua mimba anayechagua mshahara wa uhakika kwa ajili ya hao hana woga wowote wa kuonewa haya. Hesabu yake ni tofauti na ya mwana wa mwenye nacho, ambaye akianguka kwenye biashara ataangukia godoro. Wanaowasifu wajasiri wa biashara mara nyingi husahau kutaja godoro hilo.

Wala wingi wa fedha za wengine si kinga. Sendy, kampuni ya usafirishaji wa mizigo iliyokuwa imepokea mamilioni ya dola kutoka kwa wawekezaji, ilifunga shughuli zake mwaka 2023. Copia, iliyowauzia bidhaa wananchi wa mashambani kupitia mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024, nayo pia ilikuwa imepata mamilioni. Siwacheki walioziasisi, walijaribu jambo gumu. Lakini wanafunzi wetu huzisoma habari za kampuni kuwekezewa fedha kana kwamba ni habari za kampuni kupata faida. Fedha za mwekezaji ni deni lenye tabasamu. Neno letu tajiri, katika asili yake ya Kiarabu, lina maana ya mfanyabiashara, yaani mtu anunuaye na kuuza. Hakuna mahali linaposema kwamba ni mtu aliyefadhiliwa.

Wazee husema mchagua jembe si mkulima, na methali hiyo hutumiwa kuwakemea vijana wanaofikiri mara mbili. Nadhani inatumiwa vibaya. Mkulima anayelijua shamba lake hulichagua jembe lake. Mwanafunzi wa mwaka wa nne na ajiulize maswali manne kabla ya kuikataa au kuikubali barua ya kampuni. La kwanza: ni nani atakayenilipa, na je, nimeketi naye ana kwa ana, au nimemwaza tu? La pili: nina miezi mingapi ya chakula, kodi ya nyumba na marejesho ya mkopo kabla ya shilingi ya kwanza kuingia? La tatu: kuna ujuzi gani ambao nitaupata haraka zaidi nikiwa chini ya mwingine? La nne: je, niko tayari kwa makaratasi? Biashara husajiliwa, kodi hulipwa, mkataba huandikwa na arubuni hupokewa kabla ya kazi kuanza. Anayehifadhi habari za wanafunzi au wagonjwa ana sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data, isiyomsamehe mtu kwa ujana wake.

Aliye na majibu ya maswali hayo, hata barua ya kampuni iwe na marupurupu mangapi, ana haki ya kuikataa, nasi tuna wajibu wa kumpa baraka zetu. Asiye nayo na aipokee barua hiyo kwa moyo mkunjufu, ayatafute majibu akiwa kazini. Na yule asiyepata barua yoyote, ambao ndio wengi, tusimwambie kwamba amechagua. Mwenye mlango mmoja hachagui mlango. Tumsaidie kwa ukweli huo, maana naye atahitaji maswali yale yale, na pengine zaidi.

Walimu tuna sehemu yetu. Miradi ya mwaka wa mwisho ya wanafunzi wa tarakilishi hutahiniwa, ikapewa alama, kisha ikawekwa rafuni ipate vumbi. Kwa nini mwanafunzi asitakiwe kumleta mtu mmoja aliyeitumia programu yake kwa mwezi mmoja, aseme kwa lugha yake ilimfaa vipi na angeilipia kiasi gani? Mafunzo ya nyanjani nayo hufanyika zaidi katika benki na wizara. Yafanyike pia katika vyama vya ushirika, shule za mashambani, karakana za Kamukunji na maduka ya mbegu. Walimu wa shule za upili wanaowaongoza wanafunzi katika uchaguzi wa kazi nao waache kulitaja neno kujiajiri mwishoni mwa orodha, kama dawa ya aliyeshindwa mtihani.

Serikali nayo ina ya kujibu. Tangu mwaka 2013 asilimia 30 ya zabuni zake imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ni sera njema. Lakini kijana anayepewa zabuni, akaifanya kazi kwa fedha za kukopa, kisha akazungushwa miezi na miaka bila malipo, ametendewa jambo baya kuliko kunyimwa zabuni yenyewe. Madeni ambayo serikali kuu na zile za kaunti hudaiwa na wafanyabiashara yamekuwa wimbo wa kila mwaka wa fedha. Kampuni kubwa yaweza kuyavumilia. Kijana aliyejiajiri hawezi, kwa sababu mwajiriwa anayekosa mshahara ni yeye mwenyewe.

Msimu mwingine wa mahafali utafika, na wito utatolewa tena. Nawaomba wanafunzi wausikilize kwa heshima, kisha wachukue kalamu na kuandika mshahara watakaojilipa na mahali utakapotoka. Nasi walimu tukiulizwa na mzazi kama mwanawe aliyejiajiri amepata kazi, tujibu bila kusita kwamba anayo. Ama wale wanaoutoa wito huo kutoka majukwaani, wangeusaidia sana kwa kurudi ofisini mwao siku iyo hiyo na kulipa ankara za vijana zilizolala mezani.